Kuendesha Chombo cha Tanga Katika Upepo Mkali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaojifunza Pwani ya Tanga

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo nimeulizwa kwa miaka mingi na vijana, na mara nyingine na wazazi wao, wanaokuja kujifunza kuendesha mashua na ngalawa katika maji yaliyo kati ya Raskazone, Sahare na Kisiwa cha Toten. Majibu yangu yametoka katika makosa, yangu mwenyewe na ya watu niliokuwa nao chomboni, na kila kosa nimelieleza kama lilivyotokea ili msomaji aone lilianzia wapi. Maneno mawili yatarudi mara nyingi: joshi ni upande upepo unakotokea, na demani ni upande upepo unakokwenda. Demani ni jina pia la kamba inayolishika tanga kwa nyuma, na kamba hiyo ndiyo itakayotajwa zaidi ya kitu kingine chochote.

Upepo unahesabiwa kuwa mkali kuanzia kiasi gani?

Hakuna kipimo kimoja kinachofaa vyombo vyote, kwa kuwa upepo unaolisukuma vizuri jahazi lililojaa shehena unaweza kuilaza ngalawa ya watu wawili. Kwa mashua ya mita sita au saba yenye tanga moja, mimi huanza kupunguza mambo upepo unapofikia kilomita 30 kwa saa, na sitoki na wanafunzi unapokaribia kilomita 40. Asiye na kifaa cha kupimia aitazame bahari yenyewe: povu jeupe likionekana hapa na pale juu ya mawimbi, upepo bado ni wa kufanyia kazi, povu likienea kila upande na rasharasha zikaanza kupaa kutoka kwenye ncha za mawimbi, mwanafunzi hana sababu ya kuwa nje.

Kuna jambo la hesabu ambalo kila anayeshika usukani anapaswa kulijua. Mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, tuseme kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, msukumo wake juu ya tanga hauwi mara mbili bali mara nne. Ndiyo maana chombo kilichokuwa kikienda kwa raha saa tano asubuhi kinaweza kuwa hakishikiki saa nane mchana, ingawa aliyekaa ufukweni ataapa kuwa upepo umeongezeka kidogo tu.

Kwa nini wakati wa kwenda upepo huonekana mpole na wakati wa kurudi huonekana umechafuka?

Kwa sababu wakati wa kwenda ulikuwa unaukimbia. Chombo kinachokwenda kilomita 10 kwa saa na upepo wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo, wa kilomita 30 humfanya aliyemo auhisi kama upepo wa kilomita 20. Siku hiyo hiyo, akigeuza omo, sehemu ya mbele ya chombo, na kuanza kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, kurudi nyumbani, mwendo wake mwenyewe unajumlishwa na ule wa upepo, na mara moja anajikuta katika hali tofauti kabisa, mawimbi yakimpiga usoni na ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo, ikijaa maji. Wanafunzi wengi huponzwa hapa: hutoka wakicheka, na hugundua ukali wa upepo wakiwa tayari wako mbali. Kabla hujavuka Raskazone kuelekea nje, geuza chombo, bisha kwa dakika tano, ndipo uamue.

Misimu ipi ina hatari zaidi Tanga?

Kusi, linalovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, ndilo lenye nguvu zaidi, na miezi ya Juni na Julai huwa na siku nyingi mfululizo ambazo vyombo vidogo havistahili kutoka. Mwanzo wake hukutana na mvua za masika, na hapo hatari ni pepo za ghafla zinazotangulia mvua: wingu jeusi lenye ukingo ulionyooka, hewa inayopoa mara moja, kisha dakika chache za upepo unaovuma kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Kaskazi, la Desemba hadi Machi, lina tabia nyingine. Asubuhi huwa shwari, kisha upepo hupanda kadiri jua linavyopanda, na mchana huwa umekaza.

Watu wengi huliona kaskazi kuwa pepo la starehe, na ndani ya ghuba mara nyingi ni kweli. Katika mlango wa bahari wa Pemba mambo ni mengine. Mkondo wa bahari katika pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, hivyo kaskazi linapovuma hukutana nao uso kwa uso, na maji yanayosukumwa kinyume cha upepo hutoa mawimbi mafupi, yaliyosimama wima, yasiyompa nahodha nafasi ya kupumua kati ya wimbi moja na lingine. Nimewahi kuona mashua nzuri, iliyoundwa vizuri, ikiachia misumari ya mbao za omo kwa kupigwa na mawimbi ya namna hiyo kwa muda wa saa mbili.

Je, maji ya ndani ya ghuba si salama wakati wote?

Ni salama kuliko nje, lakini usalama wake ndio unaodanganya. Wakati wa kusi, nchi kavu ya upande wa Raskazone hukinga sehemu kubwa ya maji ya ndani, na mtu aliye karibu na mji huona bahari tulivu na tanga linalojaa kwa upole. Anapopita ncha ya rasi, kinga inakwisha katika umbali mfupi sana, na upepo kamili unalipiga tanga ambalo lilitwekwa kwa ajili ya upepo wa nusu. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kinga ya nchi haikati upepo sawasawa: nyuma ya miti na majengo hutokea vipindi vya utulivu vinavyofuatwa na mapigo, na pigo moja la ghafla humpindua mtu ambaye upepo mkali wa kudumu usingemtisha.

Kosa gani ndilo linalopindua vyombo vingi?

Kufunga demani. Nitalieleza hili kwa urefu kwa sababu limenigharimu mimi mwenyewe.

Demani ikiwa mkononi, pigo la upepo likija mshikaji huiachia kiasi cha dhiraa mbili tatu, tanga linamwaga upepo, chombo kinajinyanyua na safari inaendelea. Demani ikiwa imefungwa kwa fundo la kudumu, hakuna cha kuachia. Tanga hulala upande wa demani pamoja na mlingoti, ukingo wa chombo unaingia majini, maji yanaingia na kukimbilia upande ule ule wa chini, na uzito wa maji hayo unamalizia kazi ambayo upepo uliianza. Kuanzia pigo mpaka kupinduka huwa ni sekunde chache, na mtu anayejaribu kufungua fundo lililokazwa na upepo na kulowa maji hawezi kulifungua katika muda huo.

Siku yangu ilikuwa ya Agosti. Tulikuwa watu wanne katika mashua, tukitoka upande wa Ulenge kurudi mjini, na mikono yangu ilikuwa imechoka kwa kushika demani tangu asubuhi. Nikaizungusha kwenye kigingi na kuifunga, nikijiambia ni kwa muda wa kunywa maji tu. Nakumbuka kwamba kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu nilipoona maji ya bahari yakipita juu ya ukingo, meupe na bila kelele. Kijana aliyekuwa karibu alikuwa na kisu, akaikata kamba, lakini chombo kilikuwa kimeshalala. Tulikaa tumeshikilia ubavu wa mashua kwa karibu saa moja na nusu mpaka wavuvi waliokuwa wakirudi walipotuona. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo, katika chombo chochote ninachokiongoza, demani huzungushwa kigingini mara moja tu ili kupunguza mvuto wake, na ncha yake hubaki mkononi mwa mtu. Mtu huyo akichoka husema, na mwingine huipokea. Na kila chombo kina kisu kikali kilichofungwa mahali ambapo kila mmoja anapajua, si kilichotumbukizwa ndani ya mfuko wa mtu.

Nipunguze tanga wakati gani?

Mara tu swali hilo linapokujia kichwani. Kwa kawaida tanga letu la pembe tatu linaloning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu unaopandishwa mlingotini, halina kamba za kulikunjia kama yalivyo matanga ya boti za kisasa, kwa hiyo desturi ya mabaharia wetu imekuwa kubeba tanga zaidi ya moja: kubwa la upepo mwepesi, na dogo, lenye kitambaa kizito, la upepo mkali. Kubadilisha tanga kunahitaji kuitua foromali, kulifungua tanga moja, kulifunga lingine na kutweka upya. Katika bahari tulivu ni kazi ya robo saa. Katika bahari iliyochafuka, foromali ikiyumba juu ya vichwa na chombo kikienda mrama, kazi hiyo hiyo inaweza kuvunja mkono wa mtu.

Kwa sababu hiyo uamuzi mzuri hufanywa ufukweni. Ukiwa na shaka, toka na tanga dogo. Utakwenda polepole, na wenzako watakupita, lakini tanga dogo linaweza kubadilishwa kuwa kubwa katikati ya safari bila hofu, ilhali kinyume chake ni shida. Ikiwa umeshachelewa na tanga kubwa liko juu, lililo bora ni kulitua lote, kuelekeza omo penye mawimbi kwa makasia au kwa nanga, na kufanya kazi yako bila tanga juu. Mtu asione aibu kutua. Nimesikia manahodha wazee wakisifiwa kwa safari ndefu na za haraka, lakini wale niliowafahamu kwa karibu, waliofika uzee wao wakiwa bado baharini, walikuwa wepesi sana wa kutua tanga.

Kugeuza tanga kwenye upepo mkali kunafanywaje?

Hili ndilo tendo gumu kuliko yote katika chombo cha foromali, na ndilo ninalolifundisha mwisho. Boti za kisasa hupitisha omo upande wa joshi na tanga hujivukia lenyewe. Chombo chetu kwa kawaida hugeuzwa kwa njia ya nyuma: mshika usukani anaelekeza chombo kwenye upepo wa tezi, joshi ya tanga, yaani kamba inayolishika kwa mbele, inalegezwa, foromali inasimamishwa ikaribiane na mlingoti, mtu anaibeba demani na kuizungusha mbele ya mlingoti na foromali hadi upande wa pili, kisha tanga linakazwa upya na chombo kinaelekea njia yake mpya. Watu watatu wanaoelewana huifanya kazi hii bila kelele.

Hatari ziko mbili. Ya kwanza ni mshika usukani kugeuza haraka kabla demani haijapita mbele. Upepo unaingia upande usiotakiwa, tanga linabandikwa kwenye mlingoti, haliwezi kumwaga upepo wala kushuka, na ama mlingoti unavunjika ama chombo kinapinduka. Ya pili ni demani kumponyoka anayeibeba. Tanga linabaki likipepea mbele ya chombo kama bendera, na kamba yake inachapa kwa nguvu inayoweza kumtoa mtu jicho. Hili nililishuhudia karibu na Tongoni, na kijana aliyechapwa alibaki na alama shavuni, ambayo kwa bahati ilikuwa vidole viwili chini ya jicho.

Upepo ukizidi ule unaouzoea, acha kugeuza kwa namna hiyo. Tua tanga, geuza chombo kwa usukani na kasia, hamisha demani na foromali zikiwa chini, kisha tweka upya upande mpya. Unapoteza umbali kidogo, basi.

Wanaotumia boti zenye boriti ya chini ya tanga wana hatari yao: upepo wa tezi ukibadilika kidogo, boriti hiyo huvuka chombo kwa kasi kutoka upande hadi upande, na kichwa kilichoko njiani hakina kinga. Vichwa vikae chini, na nahodha atangaze kwa sauti kabla ya kugeuza.

Ngalawa ina matengo pande zote mbili. Je, inaweza kupinduka?

Inaweza. Matengo, yale magogo yanayoelea ubavuni, huipa ngalawa uthabiti mkubwa, lakini uthabiti huo una kikomo kisichotoa onyo la kutosha. Mashua hulala kidogo kidogo na kukuambia kuwa imezidiwa. Ngalawa husimama imara mpaka tengo la upande wa demani linapozama kabisa, na likishazama huwa breki inayoizungusha ngalawa yote. Ukiona tengo la demani linachimba maji badala ya kuyagusagusa, legeza demani saa hiyo hiyo na mmoja wenu atambae kwenye mrengu, mti unaolishika tengo, wa upande wa joshi. Kila asubuhi, kabla ya kusukuma, kagua kamba zinazofunga mirengu. Ngalawa nyingi ninazozijua ambazo zilipata ajali, ajali zake zilianzia kwenye kamba iliyolika, ambayo mwenyewe alikuwa ameiona juma zima na kuahidi kuibadilisha.

Chombo kikishapinduka, nifanye nini kwanza?

Hesabu watu. Kabla ya chombo, kabla ya samaki, kabla ya simu, ita kila mmoja kwa jina na usikie sauti yake, kwa sababu mtu anaweza kuwa amenaswa chini ya tanga. Tanga lililolala juu ya maji hujibandika, na aliye chini yake hushikwa na hofu. Mwambie kila mwanafunzi mapema kwamba akijikuta chini ya tanga, anyanyue kitambaa kwa mkono ili apate hewa, kisha afuate mshono mmoja mpaka ukingoni.

Baada ya hapo, kaeni na chombo. Chombo cha mbao kisicho na mzigo mzito kwa kawaida kitaelea hata kikijaa maji, na kitaonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu. Ufukwe unaoonekana karibu si karibu. Nimewahi kumzuia kwa kumshika shati kijana mwenye nguvu aliyetaka kuogelea kutoka nje ya Toten kwenda mjini. Alidhani ni mwendo wa dakika kumi, lakini maji yalikuwa yakipwa na yalikuwa yakitoka nje ya ghuba kwa kasi kuliko anavyoweza kuogelea. Mwenye farumi, yaani uzito wa kukitulizia chombo, za mawe au mifuko ya mchanga azitupe zote, kwa kuwa ndizo zitakazokizamisha.

Kukinyanyua chombo kunawezekana bahari ikiruhusu. Kwanza fungueni au kateni henza, kamba ya kutwekea tanga, ili foromali na tanga vijitenge na mlingoti, kwani hakuna watu wanaoweza kunyanyua tanga lililojaa maji. Elekezeni omo kwenye upepo. Watu wawili wasimame juu ya mkuku, uti wa chini wa chombo, na kuvuta ukingo wa upande wa pili kwa uzito wa miili yao. Chombo kikisimama kitakuwa kimejaa maji hadi ukingoni, kwa hiyo aingie mtu mmoja, mwepesi, na kuanza kuyakumba kwa ndoo, huku wengine wakikishika kwa nje. Wakiingia wote mara moja kitalala tena. Msipoweza baada ya majaribio mawili au matatu, acheni, hifadhini nguvu, mkae mmekumbatiana. Maji yetu ni ya uvuguvugu, lakini bado yana ubaridi kuliko mwili, na mtu aliyekaa humo saa nyingi usiku hutetemeka na kulegea mikono kama aliye kwenye nchi ya baridi.

Mtu akianguka baharini na chombo bado kinakwenda?

Mtu mmoja apewe kazi ya kumnyooshea kidole bila kuondoa macho, hata kama nahodha anamwita. Mtupieni mara moja kitu chochote kinachoelea: dumu tupu lililofungwa vizuri, boya, kasia. Tanga litueni. Mrudieni kwa makasia, mkimfikia kutoka upande ambao mawimbi hayatamsukumia chombo kichwani, na mpandisheni kupitia tezi au ubavuni karibu na tezi. Haya yafanyiwe mazoezi kwa kutumia dumu siku ya upepo mdogo, kwani hakuna atakayeyakumbuka kwa kuyasoma tu.

Usukani ukivunjika?

Kasia refu lililofungwa kwenye tezi linatosha kuongoza chombo kidogo, mradi tanga limepunguzwa. Beba kamba ya ziada kwa ajili hiyo.

Miamba na maji kupwa vinahusiana vipi na upepo?

Kwa namna ambayo wageni huisahau. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3, na maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi na tena usiku wa saa nne au karibu yake. Njia uliyopita alfajiri juu ya mwamba bila kuuona inaweza kuwa ukuta unaporudi. Upepo mkali huongeza mambo mawili: unakusukuma kando ya njia yako hata omo ikionekana kuelekea sawa, na unachafua uso wa maji mpaka rangi zinazoonyesha kina hazionekani. Kwa hiyo siku ya upepo acha nafasi kubwa upande wa demani. Mwamba ulioko joshini unakukinga; ulioko demani unakungoja. Ukipwelewa juu ya mchanga, tua tanga mara moja, la sivyo kila wimbi litakupandisha zaidi. Ukigonga mwamba, kagua ngama kabla hujajaribu kujinasua, kwa kuwa huenda jiwe hilo hilo ndilo linaloziba tundu.

Je, mafunzo haya yanafaa kwa Bagamoyo pia?

Mengi yanafaa, lakini pwani ya Bagamoyo ina umbo lake. Haina ghuba yenye mdomo kama ya Tanga. Ufukwe uko wazi, maji ni mafupi, na yakipwa hurudi mbali sana na kuacha vyombo vimelala mchangani. Anayeondoka pale hufuata maji kuliko saa. Hatari ya kupigwa na upepo mara baada ya kuvuka rasi haiko, ila kuna nyingine ya kurudi wakati maji hayajajaa, ambapo nahodha hulazimika kusubiri nje akitikiswa, na mawimbi katika maji mafupi hupasuka mapema. Nilipokuwa huko niliwaona wakitia nanga nje na kusubiri kwa subira, kazi ambayo vijana wetu wa Tanga, waliozoea kuingia ghubani saa yoyote, huiona ngumu.

Utabiri wa hali ya hewa nausomaje?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Taarifa inayozungumzia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 inatolewa mara nyingi wakati wa kusi, na baadhi ya wavuvi wameizoea mpaka hawaisikii tena. Mimi nakuomba uisikie. Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, taarifa zilitangulia kwa siku kadhaa, na kila mtu mwenye redio au simu alikuwa na muda wa kuvuta chombo chake juu. Watu wa Lindi waliopigwa na kimbunga cha Aprili 1952 hawakuwa na njia kama hizi. Isikilize taarifa jioni, kisha asubuhi iangalie bahari yenyewe. Vikitofautiana, fuata kile kinachokuambia ubaki.

Nibebe nini?

Jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, likiwa limevaliwa, si limekaliwa kama mto. Kisu, ndoo mbili za kukumbia maji zilizofungwa kwa kamba, nanga yenye kamba ndefu, makasia, filimbi, kurunzi, maji ya kunywa, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Mwenye redio ya baharini aiweke kwenye chaneli 16, ambayo ndiyo ya wito wa dharura. Mwache mtu ufukweni anayejua umekwenda wapi na unatarajiwa kurudi saa ngapi. Chombo kinachobeba abiria kinapaswa pia kuwa kimekaguliwa na kupewa leseni na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na abiria ana haki ya kuuliza.

Wakati wa hatari, nani anayetoa amri?

Mmoja tu. Tunasema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na sijaona mahali ambapo maneno hayo ni ya kweli kama chomboni wakati pigo la upepo linapokuja na watu watatu wanapiga kelele tofauti kwa mshika demani. Kijana amwite nahodha kwa heshima yake na kumwuliza maswali yote ufukweni. Nahodha naye awe tayari kuulizwa. Lakini kuna amri moja ambayo katika vyombo vyangu mtu yeyote, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza, ana ruhusa ya kuitoa bila kumwomba mtu: "Legeza!" Ikisikika, demani inaachiwa kwanza, na maelezo yanafuata baadaye.

Wazee husema chombo cha kuzama hakina usukani. Kuna faida gani basi ya kujifunza haya yote?

Nimeulizwa hivi na mzazi mmoja aliyefiwa baharini, na sikumjibu siku ile, kwa kuwa hakuwa akihitaji jibu. Methali hiyo husemwa kuwafariji waliobaki, na kwa kazi hiyo inafaa. Lakini vyombo ambavyo mimi nilikuwamo, au niliwahoji waliokuwamo, vilikuwa na usukani: vilitweka tanga kubwa asubuhi iliyohitaji dogo, vilifunga demani, viliahirisha kubadilisha kamba ya mrengu, vilitoka baada ya tangazo. Mimi mwenyewe nilikuwa na usukani mkono mmoja na kikombe mkono wa pili.

Baada ya chombo kupinduka, kinaweza kutumika tena lini?

Kivute juu na kimwage maji yote. Suuza tanga na kamba kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na uzianike kivulini. Pita kwenye maungio ya mbao kwa kidole, kuanzia omo hadi tezi, ukitafuta pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, iliyochomoka, na umwite fundi kama kuna mahali kidole kinapoingia. Kagua mguu wa mlingoti mahali unapokaa, kwani huko ndiko ufa huanzia bila kuonekana, na kagua vyuma vinavyoushika usukani. Watu waliokuwamo nao wasikae muda mrefu bila kurudi majini. Mimi huwarudisha siku ya tatu au ya nne, asubuhi, wakati wa upepo mwepesi, kwa tanga dogo, na yule aliyeogopa zaidi ndiye ninayempa demani aishike.